Maji Yaliyomwagwa: Kisa cha Mama wa Bahi na Kipimo cha Vinasaba

Jagi la kupimia lilijaa mara mbili na nusu. Nesi alisimama nalo mlangoni mwa chumba cha kumwagia uchafu, maji yenye rangi ya chai ya rangi iliyochacha, akaniuliza, "Daktari, haya yamwagwe?" Nikajibu bila kugeuka, "Mwaga." Mkononi nilikuwa na bomba la mililita 10, nimeridhika kwamba sampuli ninayo. Ilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri, mwezi wa tisa, Dodoma imejaa vumbi na upepo, na kila mtu wodini anaiwaza njia ya kwenda nyumbani.

Jagi lile lilitugharimu wiki sita.

Mgonjwa nitamwita Mama tu. Ana miaka 56, mkulima wa mtama na majaruba mawili ya mpunga upande wa Bahi. Hajavuta sigara maisha yake yote. Kuni amepikia tangu akiwa binti wa miaka 10, na miaka mingi ya hiyo alipikia ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa, ambayo moshi wake hutokea mlangoni kwa sababu hauna pengine pa kupita. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa wengi wetu tukisikia "hajavuta sigara" tunaiondoa kansa ya mapafu kwenye orodha kichwani. Wataalamu wa kimataifa wa saratani wameuweka moshi wa kuni za ndani kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na moshi wa makaa ya mawe ya ndani wameuweka kwenye kundi la uhakika. Isitoshe, aina ya kansa ya mapafu inayoongoza kwa wasiovuta ndiyo hii niliyokuja kukutana nayo.

Alianza kukosa pumzi mwezi wa sita, wakati wa kupura mtama. Akasema ni vumbi. Mwezi wa saba akashindwa kulalia upande wa kushoto. Akilalia kulia, upande wenye maji, anapata nafuu. Kikohozi kikavu, usiku jasho kidogo, na uzito ukashuka kutoka kilo 58 hadi 51. Kituo cha afya walimpiga eksirei, wakaona kifua cha kulia kimekuwa cheupe hadi karibu na kwapa. Wakavuta mililita 20 za maji ya njano. Protini juu, seli nyingi ni limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. VVU hana. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, TB haikuonekana. Wakamwanzishia dawa za TB.

Hapa msomaji wa mjini ataanza kumlaumu daktari wa kituo. Mimi simlaumu. Mtu wa huku kwetu mwenye maji upande mmoja wa kifua, yaliyojaa limfosaiti, akiwa na jasho la usiku na amekonda, TB ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na mara nyingi ndiyo yenyewe. GeneXpert, ambayo nayo ni kipimo cha vinasaba, hufanya kazi nzuri sana kwenye makohozi ya mwenye TB ya pafu lenyewe, lakini TB ikijificha kwenye utando unaolifunika pafu, huwakosa wengi, kwenye makohozi na hata kwenye maji ya kifua, kwa sababu bakteria humo ni wachache. Kwa hiyo jibu la "haijaonekana" halikumzuia daktari, wala halikupaswa kumzuia. Tatizo ni kwamba limfosaiti hizohizo hujaa pia kwenye maji ya kansa. Maji mawili yanaweza kufanana kama mapacha, na baba zao ni tofauti.

Alimeza dawa vizuri. Kadi yake ilikuwa na alama kila siku, na mkojo ukawa wa rangi ya chungwa kama ilivyo kwa mtu anayetumia rifampisini, mojawapo ya dawa za TB. Wiki ya tisa akaletwa kwetu kwa bodaboda hadi kituo cha basi, kisha basi, amekaa wima njia nzima. Kilo 49. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba kwa vipande viwili, katikati akavuta hewa.

Ultrasaundi ilionyesha maji mengi, bila vyumba vyumba ndani yake, na kwenye utando juu ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, palikuwa na vinundu viwili. Vinundu hivyo vingenitosha kubadilisha fikra siku hiyohiyo. Niliviandika kwenye faili, nikaendelea na kazi ya kumpa nafuu. Nikachoma ganzi juu ya ubavu, si chini yake, maana mshipa na neva hupita ukingo wa chini. Nikatoa lita moja na robo, nikaacha alipoanza kukohoa. Kwa kawaida hatuvuki lita moja na nusu kwa mkupuo mmoja, tusije tukalifungua pafu kwa ghafla likavimba kwa maji yake lenyewe. Mama akalala chali kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu. Binti yake akalia.

Kisha ndipo nesi akauliza swali lake.

Mililita 10 nilizobaki nazo nilizigawa: kidogo kwa kemia, kidogo kwa kuhesabu seli, kidogo kwa GeneXpert na kuotesha TB, na kilichobaki, labda mililita 3, kwenye kichupa kikavu kwenda saitolojia, ambako seli huangaliwa kwa hadubini. Kichupa kilifika maabara baada ya mwenye kukipokea kuondoka. Kikakaa juu ya meza mpaka Jumatatu. Hakuna aliyekiweka kwenye friji, na mimi sikupiga simu kuuliza.

Kemia ilirudi haraka. Protini ya maji gramu 48 kwa lita, ya damu 72, uwiano 0.67. LDH, kimeng'enya kinachovuja seli zikiumia, kwenye maji 610, kwenye damu 290. Kwa vigezo vya daktari Light, ambavyo tumevitumia tangu 1972, maji yakizidi nusu ya protini ya damu au sehemu 0.6 ya LDH yake, basi utando wenyewe una ugonjwa. Si moyo ulioshindwa kusukuma wala ini lililochoka. ADA, kimeng'enya ambacho hupanda kwenye maji ya TB, ilikuwa 17. Wengi wetu tunatumia 40 kama mstari: juu yake, penye limfosaiti nyingi, TB inapata nguvu; chini kabisa kama hapa, inapoteza. ADA ikiwa 17 katika maji yaliyorudi baada ya wiki tisa za dawa ilinifanya nikae chini.

Saitolojia ikaja siku ya sita: "Seli zimeharibika. Zipo chache zenye mashaka. Leta sampuli nyingine." Ningeweza kusema ni bahati mbaya, lakini seli za maji ya kifua zikikaa siku tatu kwenye joto la Dodoma bila ubaridi huvimba, viini vinafifia, na hata mwenye jicho kali anabaki kusoma vivuli.

Nikampigia patholojisti. Ni mtu mzima, hana maneno mengi. Akaniuliza, "Ulitoa kiasi gani?" Nikamwambia lita moja na robo. "Na mimi ulinipa?" Nikanyamaza. Akacheka, akasema, "Ukirudi kwake, nipe 200, ziwe mbichi, zifike kabla sijala mchana. Na yale maji ya juu baada ya kuzungusha, asiyamwage mtu."

Kauli ya mwisho sikuielewa siku ile. Ndiyo iliyokuja kuokoa mambo.

Saitolojia ya maji ya kifua, ikifanywa vizuri, huikamata kansa iliyopo takriban mara 6 kati ya 10 kwa sampuli ya kwanza, ya pili huongeza kidogo, ya tatu huongeza kiasi kisicholingana na jitihada yake. Aina ya kansa nayo inahesabu: adenokasinoma, kansa inayoanzia kwenye seli za tezi, hudondosha seli kwa wingi ndani ya maji, kansa za aina nyingine hushikilia seli zao, na mesothelioma, kansa ya utando wenyewe, huponyoka mara nyingi. Ugumu mkubwa si kuona seli, ni kuzijua. Seli za kawaida za utando zikisumbuliwa na maji kwa miezi, hukusanyana mafungu, viini vyake vinanenepa, zinaanza kuonekana kama wahalifu ilhali ni wenyeji waliokosa usingizi. Seli za kansa nazo, zikiwa za aina ya upole, hukaa katikati yao zikiwa zimevaa kama wenyeji. Jicho peke yake linachoka.

Mama alirudiwa na maji siku ya kumi. Safari hii nilimtoa mililita 900, na 200 za kwanza ziliingia kwenye vyombo vyenye heparini kidogo ili damu isigande, nikazipeleka maabara mwenyewe kwa miguu. Saa nne asubuhi. Kijana wa maabara akazungusha mbele yangu, dakika kumi, na mrija ulipotoka ulikuwa na sehemu mbili: chini mashapo ya kijivu yenye wekundu, juu maji masafi ya njano. Hayo ya juu ndiyo tuliyozoea kuyamimina kwenye sinki ili tubaki na "sampuli halisi." Akayagawa kwenye mirija midogo minne, akaandika tarehe, akaiweka kwenye friza. Mashapo akayachanganya na plazma na thrombini yakaganda kama maziwa mgando, akayafunga kwenye karatasi, akayatia fomalini, na kesho yake yakaingia kwenye nta.

Bloku yenyewe ni kipande cha nta kisichozidi kidole gumba kwa upana, na katikati yake kuna doa dogo kama punje chache za ulezi. Kila kipimo kinachofuata kinakatwa humo: kila rangi ni ukurasa mmoja mwembamba. Punje zikiisha, zimeisha.

Patholojisti aliona mafungu machache yenye umbo la tezi. Akayachorea kwa kingamwili: kalretinini, ambayo hushika seli za utando, ikakataa kwenye mafungu yale na kukubali kwa wenyeji waliozunguka, TTF-1, ambayo huwaka kwenye viini vya adenokasinoma ya mapafu, ikawaka kwenye seli kama kumi na tano. Alipokata ukurasa mwingine ili ahakikishe kwa alama ya tatu, mafungu hayakuwemo tena. Akaandika: "Mashaka makubwa ya adenokasinoma ya pafu. Seli ni chache mno kwa uamuzi kamili." Wakati huohuo picha ya CT ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3 kwenye sehemu ya chini ya pafu la kulia, na utando wenye vinundu.

Mtu mwenye haraka angesema inatosha. Mtu wa kanuni angesema apelekwe Dar es Salaam akaingizwe kamera kifuani na kukatwa kinyama cha utando, na huyo angekuwa na haki: kamera ndiyo njia yenye uhakika zaidi. Tulimwandikia rufaa. Mwanawe mkubwa akaniambia kwa heshima zote, "Daktari, mama hawezi kukaa safari hiyo mara mbili, na tumeshauza ng'ombe wawili." Tukakubaliana tutume bloku na tusubiri wiki mbili kabla ya kumsafirisha mwenyewe.

Kilichoombwa ni kuangalia jeni ya EGFR. Jeni hii hutengeneza kipokezi kilichokaa juu ya seli, kama kengele ya mlango: ikibonyezwa, seli inaambiwa ikue. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya kansa za mapafu zina hitilafu kwenye jeni hiyo, kengele imekwama imebonyezwa muda wote, na wagonjwa hao ndio waliokuwa wakiitikia vidonge vya kuizima. Hitilafu mbili, kipande kilichokatika kwenye eksoni, yaani sehemu ya jeni, ya 19 na herufi moja iliyobadilika kwenye eksoni ya 21 iitwayo L858R, zinabeba kama asilimia 85 hadi 90 ya zote. Hupatikana zaidi kwa wasiovuta, kwa wanawake na kwa adenokasinoma. Mama alikuwa na hayo yote matatu kwenye karatasi.

Siku ya kumi na mbili jibu likaja kwa barua pepe, na kabla sijalifungua binti yake alikuwa ameshapata nakala kwenye simu. Akanipigia. "Daktari, wameandika hakuna mabadiliko yaliyogunduliwa. Kwa hiyo si kansa?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kushukuru.

Nilimwambia asubiri, nikakaa na lile jibu kwa muda. Lina mitego miwili. Wa kwanza ni huo alioingia binti: kukosekana kwa hitilafu ya EGFR hakuondoi kansa, kwa sababu kansa nyingi za mapafu hazina hitilafu hiyo. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu tunauingia sisi madaktari. Tuliuliza kipimo kitafute kitu ndani ya chombo ambacho huenda hakikuwa nacho.

Nenda mnada wa Msalato Jumamosi asubuhi. Umeambiwa kuna ng'ombe wenye chapa fulani, na una ruhusa ya kuangalia kundi kwa mbali tu. Wakiwa 30 kati ya 100, utawaona. Wakiwa wawili kati ya 100, utarudi na kuapa kwamba hawapo. Kipimo cha PCR, kinachonakili DNA mara nyingi mpaka ionekane, huwa na mpaka kama huo kwenye tishu; vingi vinahitaji kansa iwe angalau sehemu tano hivi kwa mia ya kilichomo. Kwenye maji ya kifua, seli za kansa zimezungukwa na limfosaiti na wenyeji wa utando, na kila mmoja ana DNA yake nzima yenye afya. Nilipompigia patholojisti akarudi kwenye kioo cha mwisho kilichokatwa kabla ya sampuli kwenda, akahesabu. Seli za kansa hazikufika tatu kwa mia. Na ukurasa uliokwenda Dar ulikatwa baada ya huo. Jibu sahihi la kipimo lingekuwa "sampuli haikutosha." Waliandika "hakuna." Tofauti ya maneno hayo mawili ni mgonjwa.

Hapo ndipo ile mirija minne ikakumbukwa. Seli za kansa zinapokufa ndani ya maji, hupasuka na kumwaga DNA yake nje, vipande vifupi vifupi. Ukizungusha maji, seli nzima zinakwenda chini pamoja na wenyeji wote, lakini vipande hivyo vinabaki juu, na kwa kuwa wenyeji wengi bado ni wazima, DNA yao imo mashaponi, haimo huku. Kundi limechujwa lenyewe. Ndiyo maana maji ya juu yanaweza kuonyesha hitilafu ambayo bloku imeikosa, ilimradi yamezungushwa mapema. Yakikaa, limfosaiti nazo zinapasuka na kumwaga za kwao, na tunarudi Msalato. Faida nyingine ni fomalini. Bloku imepita kwenye fomalini, na fomalini hukatakata DNA na wakati mwingine hubadilisha herufi zake, hasa ikikaa siku nyingi. Maji ya friza hayajaguswa nayo.

Mwana wa kiume aliipeleka mirija miwili kwa treni ya mwendokasi, ndani ya kisanduku cha barafu, mrija ndani ya kopo, kopo ndani ya kisanduku, karatasi nje kwenye mfuko wake. Miwili mingine tuliibakiza. Alinitumia picha ya kisanduku kikiwa kwenye kiti cha dirishani, yeye amekaa cha pembeni.

Siku ya tisa: kipande kilichokatika, eksoni ya 19, kimegunduliwa.

Mwenzangu mmoja wodini alinibana kwa swali ambalo nadhani ni la haki: je, kipimo hicho kimethibitisha kansa, au tumepata tu sababu ya kutoa kidonge? Kama ningekuwa na maji ya juu peke yake, bila kioo, bila CT, nisingethubutu kumwambia mtu ana kansa kwa sababu ya mrija. Maabara huchanganya majina, na tone moja la sampuli ya jirani linatosha kuidanganya PCR. Lakini seli za utando zilizosumbuliwa hazikati kipande kile kwenye eksoni ya 19. TB haikikati. Tulikuwa na seli kumi na tano zilizowaka TTF-1, patholojisti aliyesema "mashaka makubwa," uvimbe wa sentimita 3, utando wenye vinundu, ADA ya 17. Kipimo cha vinasaba kilikuja juu ya hayo kikayafunga. Patholojisti alitoa ripoti ya nyongeza: adenokasinoma ya pafu, iliyoingia kwenye utando. Maji yenye kansa huuweka ugonjwa hatua ya nne moja kwa moja, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. Safari ya kamera ikafutwa.

Nilidhani kazi imekwisha. Bado.

Mama alikuwa bado anameza rifampisini. Dawa hii huliamsha ini, likaanza kuzivunja dawa nyingine kwa kasi, na vidonge vya EGFR ni miongoni mwa zinazoteseka sana: kiwango cha erlotinibu au gefitinibu kwenye damu kinaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Tungempa kidonge cha familia iliyouza ng'ombe, kikaishia inini kabla hakijafika pafuni, kisha baada ya miezi miwili tukaandika kwamba kansa imekataa dawa. Sidhani ni jambo la nadra katika nchi ambayo wagonjwa wa namna hii hupitia kwanza dirisha la TB.

Je, tuache dawa za TB? Uamuzi huu ulinipa shida kuliko ule wa kansa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Tukakaa na wa kliniki ya TB: GeneXpert ya maji haikuonyesha kitu, kuotesha kwa siku 42 hakukuota kitu, ADA chini, maji yalirudi mara mbili chini ya dawa, na sasa kulikuwa na maelezo mengine kamili ya kila dalili. Kuotesha kulifanywa tayari yuko kwenye dawa, kwa hiyo uzito wake ni mdogo, na wa kliniki ya TB alilisema hilo wazi. Mwishowe tulisimamisha, tukaandika sababu kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, tukasubiri wiki mbili ini lirudi kwenye hali yake.

Daktari wa saratani alimwanzishia erlotinibu miligramu 150, kimoja kwa siku, tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au mbili baada yake. Siku hizi osimertinibu ndiyo inayotangulia panapopatikana, kwa kuwa huchelewesha zaidi ugonjwa kurudi. Haikuwa ndani ya uwezo wa familia. Erlotinibu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019, na matoleo yake ya bei nafuu yapo.

Wiki ya pili alirudi uso umejaa vipele kama vya msichana wa shule, na tumbo linamwendesha. Binti akawa na hofu. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, kwa sababu vipele hivyo vina maana kidonge kinafika kwenye ngozi, na kinachofika kwenye ngozi kinafika na kwingine. Tukampa losheni, tukampa ORS, tukamwambia asiache. Wiki ya tatu alitembea kutoka getini hadi kliniki bila kusimama.

Nimeulizwa kama sasa nipime vinasaba kwa kila mwenye maji kifuani. Hapana. Wengi wana TB, moyo, figo au ini, na hawa wana vipimo vyao vya bei ndogo. Ninachofanya sasa ni kidogo zaidi ya hicho, na hakina gharama: maji ya upande mmoja yasiyo na maelezo, au yaliyorudi chini ya dawa za TB, hayamwagwi mpaka 200 zimefika maabara zikiwa mbichi, na ya juu yanakwenda friza kabla ya kujua kama tutayahitaji. Sichomi Ijumaa alasiri kama mgonjwa anaweza kungoja. Na jibu la "hakuna" nalisoma pamoja na swali la kilichopimwa: seli ngapi, za nani.

Mirija miwili iliyobaki bado ipo kwenye friza. Dawa za kundi hili huchoka. Kwa wengi, baada ya mwaka hivi, kansa hupata njia nyingine, na mara nyingi ni herufi moja iitwayo T790M kwenye eksoni ya 20, ambayo nayo hutafutwa kwa PCR, kwenye damu au kwenye maji mapya. Mama analijua hilo. Nilimwambia mbele ya binti yake, naye akauliza tu kama mtama wa mwaka huu apande. Nikamwambia apande.

Alikuja kliniki mwezi wa tatu, kilo 54, na mfuko wa zabibu ambao binti alisema nisikatae kwa sababu mama amebishana na mwenye shamba bei njia nzima. Vipele vimebaki pembeni mwa pua. Akanisalimu "mbukwa," salamu ya Kigogo, akanicheka nilivyoitikia. Nilimkalisha, nikaweka ultrasaundi mgongoni upande wa kulia. Pafu lilikuwa linapanda na kushuka vizuri, na chini kabisa, juu ya kiwambo, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba wa maji.

"Yapo?" akauliza.

"Yapo kidogo, mama. Hakuna cha kuchota."